Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na wazee wa Kanisa katika sikukuu ya Yubile



Katika siku hizi za Yubile tumesikia habari nyingi za wageni waliovuka bahari ili kutuletea Injili. Makaburi yao yamefagiliwa, majina yao yamesomwa mbele ya altare, na wazee wamewasimulia watoto mambo yao. Ni haki kufanya hivyo, maana asiyemkumbuka aliyempandia mti hana haya kukaa kivulini mwake. Lakini sisi waalimu tulipoambiwa tuseme maneno machache juu ya mjumbe wa Injili akaapo katika kanisa la ugenini, tulishauriana, tukaona ni vema kumtaja mtu mmoja ambaye hakuvuka bahari, hakuwa na meli, wala hazina, wala barua za wakubwa wa Ulaya. Alikuwa Mwafrika, naye alianza kazi akiwa mwalimu tu, kama sisi. Jina lake ni Apolo Kivebulaya, Mganda, na ugeni wake ulikuwa katika nchi ya Mboga, magharibi ya mto Semliki, karibu na msitu mkubwa wa Ituri. Jina hilo lisiwachekeshe vijana: si mboga za kula. Leo nchi hiyo huandikwa Boga, nayo imo katika Kongo.

Labda mtu atauliza, mbona kwenda mbali hata Kongo kutafuta mfano? Sababu ni hii. Watu wengi wamezoea kudhani ya kuwa mgeni wa Injili ni Mzungu tu, na ya kuwa Mwafrika popote aendapo katika Afrika yu kwao. Jambo hilo si kweli, nasi waalimu twalijua vema. Mtu akitoka kijiji kimoja, akavuka mito miwili, akakuta lugha nyingine, na chakula kingine, na mila nyingine za kusalimu na za kuzika, huyo ni mgeni, ingawa rangi ya ngozi yake ni sawasawa na ya wenyeji wake. Tena wakati mwingine ugeni wake ni mgumu kuliko ule wa Mzungu, kwa kuwa Mzungu husamehewa akikosea, na huyu hasamehewi. Huambiwa, Wewe ni mtu mweusi kama sisi, mbona hujui?

Basi sikilizeni habari za Apolo.

Alizaliwa katika Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo sababu wazazi wake walimwita Waswa. Ujana wake ulipita katika miaka ile ya vita vya dini, wakati watu wa Buganda walipogawanyika, hawa Waislamu, hawa Wakatoliki, na hawa Waprotestanti, wakashindania nchi kwa bunduki na mikuki. Alisikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi wa mikono na wa maneno aliyefika Buganda mwaka 1878, na aliyefariki mwaka 1890 huko Usambiro, kusini mwa ziwa. Neno lile halikuota mara moja moyoni mwa kijana. Lilikaa kama mbegu iliyongojea mvua. Mwaka 1895 alibatizwa, akapewa jina la Apolo. Alikuwa na mke, mkewe akafariki, wala hakuoa tena. Mwaka ule ule wa ubatizo wake alijitoa kwa kazi, akapelekwa Toro, upande wa milima ya Ruwenzori.

Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu kwa ajili ya mavazi. Alikuwa na koti jekundu la askari, akipenda kulivaa juu ya kanzu yake. Basi wakamwita hivyo, na maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Twaweza kutabasamu. Lakini fikirini: mtu huyu aliingia katika nchi ya watu akiwa na jina la ugeni na koti la ugeni. Ingekuwa rahisi kwake kukaa kama koti lile, yaani kutazamwa na watu na kuogopwa kidogo, bila kushikamana na yeyote. Hakukaa hivyo, nasi tutaona kwa nini.

Kabla yake waalimu wawili wa Kiganda walikwisha kupelekwa Mboga. Mtawala wa nchi ile aliitwa Tabaro. Mwanzo aliwapokea, lakini baadaye akawachoka, na watu wake wakaacha kuwapa chakula. Waalimu wale hawakuwa na shamba. Wakangoja, wakaona njaa, wakarudi Toro. Hatuwahukumu, kwa kuwa njaa haina aibu. Twasema tu yaliyokuwa: Injili ilifika Mboga, ikakaa siku chache, ikaondoka kwa sababu ya chakula.

Habari hizo zilipofika Toro, Apolo alikubali kwenda mahali pale waliposhindwa wenziwe. Ilikuwa mwaka 1896. Akashuka upande wa kaskazini wa Ruwenzori, akalivuka bonde la Semliki lenye joto kali, akapanda tena upande wa pili hata Mboga. Katika mizigo yake michache alichukua vitabu, na pamoja na vitabu alichukua jembe.

Ndugu, twawaomba mlitazame jembe hilo. Wahenga wetu husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi sote tumeitumia methali hii, na mara nyingi twaisema kwa kumcheka mgeni aliyekaa mno. Lakini Apolo hakungoja siku ya tatu, wala hakungoja kupewa. Alikuja na jembe lake mkononi. Kwa jembe lile aliwaambia watu wa Mboga maneno ambayo ulimi wake haujaweza bado kuyasema: Sikuja kula jasho lenu, nimekuja kukaa, nitatoka jasho katika udongo huu kama ninyi, na mvua ikikosa kwenu itakosa na kwangu. Mtu anayelima hutazama mawingu pamoja na jirani zake. Huuliza mbegu ipi yafaa, na mwezi gani ni wa kupanda, na mdudu huyu huondolewaje. Kwa kuuliza hivyo mwalimu huwa mwanafunzi, na mwenyeji huwa mwalimu wake. Na mtu aliyekufundisha kulima hachelewi kukuuliza nawe, Je, kitabu hicho chasema nini?

Kulikuwa na jembe jingine pia, nalo ni jembe la ulimi. Lugha ya Mboga ni ndugu ya Luganda, walakini hata ndugu wa tumbo moja hawana sauti moja. Anayesikia lugha iliyo karibu na yake hudanganyika upesi kwamba aijua, akaacha kujifunza. Naye Apolo kazi yake ilikuwa kufundisha kusoma. Katika Uganda siku zile Wakristo waliitwa wasomaji, na aliyetaka ubatizo alitazamiwa kuweza kuisoma Injili mwenyewe. Biblia nzima ya Luganda ilikamilika kutafsiriwa kwa kazi ya George Pilkington na wenziwe katika mwaka ule ule wa 1896. Kwa hiyo mwalimu aliyekwenda ugenini aliketi na watu, herufi kwa herufi, siku baada ya siku. Hapana njia ya mkato katika kazi hiyo. Huwezi kumfundisha mtu kusoma bila kulisikiliza neno lake litokavyo kinywani.

Lakini tusifikiri ya kwamba jembe lilimwondolea mateso. Kukaa na watu si kukubali kila jambo lao. Apolo alifundisha juu ya ulevi, na juu ya hirizi, na juu ya wake wengi, na Tabaro akachukizwa, maana maneno hayo yaligusa nyumba yake. Mwalimu alipigwa, na nyumba ya sala ilichomwa moto. Kisha likatokea jambo zito kuliko hayo. Walipokuwa wakikata majani na mafunjo ya kujenga, dada yake Tabaro aliangukia mkuki wa Apolo, akafa. Halikuwa kusudi la mtu yeyote, ilikuwa ajali. Lakini Apolo alishitakiwa kuwa amemwua, akafungwa, akapelekwa kwa wakubwa wa serikali ya Kiingereza katika Toro, akakaa kifungoni.

Hapo ndipo pa kumtazama mgeni. Jembe lake li mbali, shamba lake halina mwenyewe, watu aliowapenda wamemshitaki, na damu ya mwanamke iko juu ya jina lake. Mwenyewe alishuhudia baadaye ya kuwa katika dhiki za siku zile alimwona Bwana Yesu katika njozi, aking'aa, akimtia moyo asiogope kwa kuwa yu pamoja naye. Sisi hatuongezi neno juu ya njozi ile. Twatazama matunda yake tu. Apolo alipofunguliwa angaliweza kurudi Buganda, na hapana mtu ambaye angalimlaumu. Wala hakuna askofu ambaye angalimwambia, Umefanya haba. Lakini alirudi Mboga. Alirudi kwa Tabaro yule yule, kwenye kijiji cha marehemu yule yule.

Twadhani kwamba siku ile aliyorudi ndiyo siku aliyokoma kuwa mgeni. Maana mgeni hukaa wakati wa heri, na msiba ukija huondoka; bali mwenyeji hata akigombana na jirani hana pengine pa kwenda, hubaki na kupatana. Tabaro aliona mtu aliyepigwa akarudi, aliyefungwa akarudi. Akaanza kusikiliza. Mwisho mtawala aliyewaacha waalimu wa kwanza wapate njaa akabatizwa yeye mwenyewe, akaitwa Paulo. Katika Kitabu cha Matendo twasoma habari za mwingine aliyeitwa kwa jina hilo, ambaye mwanzo alikuwa adui. Nadhani watu wa Mboga walipolisikia jina lile walielewa.

Mwaka 1900 Apolo alifanywa shemasi, na mwaka 1903 akafanywa padre. Kazi ya Kanisa ikamrudisha Toro kwa miaka mingi, akajenga makanisa na kufundisha waalimu wengine. Wakati huo mambo ya dunia yalibadilika. Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya waliketi, wakakubaliana mipaka mipya, na Mboga ikawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu hawakuhama, milima haikuhama, ni mstari wa wino tu uliohama. Lakini kutoka siku ile kanisa dogo la Mboga likawa katika dola nyingine, limetengwa na mama yake. Katika miaka ya vita kuu ya kwanza Apolo akarudi tena kukaa Mboga. Mara ya kwanza alivuka mto. Mara hii alivuka mpaka.

Hata hapo hakustarehe. Nyuma ya Mboga uko msitu, na katika msitu wamo Wambuti, watu wafupi wa kimo, hodari wa kuwinda, wahamao kambi kwa kufuata nyama na asali na matunda ya mwitu. Majirani wengi waliwadharau. Mwaka 1921 Apolo, aliyekuwa sasa na umri upatao miaka 57, alianza kuwaendea makambini mwao. Tazameni, mtu huyu alikuwa amekwisha kukaa vizuri. Alikuwa mzee mwenye heshima. Mwaka 1922 akafanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Na bado alikubali kuanza tena ugeni, akajifunza tena kama mtoto, hata Injili ya Marko ikapata kutafsiriwa kwa lugha ya watu wale. Kwa watu wasiolima, jembe lake halikuwa na kazi. Ilimpasa kujifunza njia za msituni. Hapo twaona kwamba siri haikuwa katika chuma cha jembe. Siri ilikuwa kuingia katika kazi za watu kwa namna yao wenyewe.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alitaka kufia Mboga, katika watu wake. Akafa huko tarehe 30 Mei, mwaka 1933. Nayo haya aliyaagiza juu ya kaburi lake: desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa upande wa mashariki, ulio upande wa kwao Buganda, yeye akataka kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, iliko kazi ambayo haijaisha. Waganda walio wengi hutamani kuzikwa kwenye ardhi ya baba zao. Huyu alizikwa ugenini, na hata katika ugeni ule akageuzia mgongo njia ya kurudi.

Kutoka mbegu ile Kanisa la Anglikana katika Kongo lahesabu mwanzo wake. Mwaka 1972 Boga ilifanywa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa lile likawa Jimbo lenye Askofu Mkuu wake. Nayo lugha hii yetu ya Kiswahili imekuwa na sehemu yake, kwa maana Wakristo wa Boga walipotawanyika kwenda miji mingine ya Kongo kwa kazi na biashara, ilikuwa kwa Kiswahili walivyosali pamoja na watu wa makabila mengine, wala wasibaki kanisa la kabila moja. Katika makanisa mengi ya ushirika wetu Apolo hukumbukwa kila mwaka tarehe 30 Mei.

Wala Apolo hakuwa wa kwanza, wala habari hizi si za upande wa Kongo tu. Katika nchi za kusini, karibu na Ruvuma, wanamkumbuka Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa na Misheni katika Unguja. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali kwa mtawala Nakaam, na mwaka 1890 akapadirishwa Unguja, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuupata upadre katika Misheni ile. Watu wangesema, Huyu anarudi kwao. Lakini mtoto aliyekulia Unguja, aliyezoea bahari na minara na maneno ya pwani, ni mgeni hata katika kabila lake. Ilimpasa naye kuingia upya, kupokewa upya. Basi mtu aweza kuwa mgeni mbali na kwao, na aweza kuwa mgeni kwao pia. Na dawa ya ugeni wote ni moja.

Sasa tuseme yanayotuhusu sisi, kwa kuwa hatukukusanyika kusifu wafu tu.

Neno la kwanza ni kwa waalimu vijana, hasa ninyi mtakaopelekwa baada ya Yubile hii mahali pasipo pa kwenu. Chukueni jembe. Mwajua kwamba posho ya mwalimu ni ndogo, na mara nyingine hukawia. Lakini hatusemi jambo la posho tu. Mwalimu aliyesoma kidogo hujaribiwa kuona aibu kushika mpini mbele ya watu, asije akadhaniwa kuwa ni mtu wa hivi hivi. Mkumbukeni Kanoni wa Namirembe. Tena jifunzeni lugha ya watu mnaowakuta, wala msitosheke na Kiswahili peke yake. Kiswahili ni mlango mzuri, ndicho kilichotuunganisha leo. Lakini wagonjwa huomba kwa lugha ya mama zao, na wenye kufiwa hulia kwa lugha ya mama zao. Asiyejua lugha ile atabaki amesimama mlangoni. Na mkifika, ulizeni kwanza ni nani waliosali hapa kabla yenu. Karibu kila mahali yuko mama mmoja mzee aliyewakusanya watoto chini ya mti wakati hapakuwa na mwalimu. Kanisa halikuanza siku mliyoshuka na mizigo yenu.

Neno la pili ni kwa wazee na makanisa yanayopokea. Wengine mnapenda sana ile methali ya jembe. Vema, lakini methali husema, Mpe jembe, haikusema, Mnyime shamba. Iko mitaa, nasi hatutaitaja, ambako mwalimu wa kabila jingine amefika, akaonyeshwa nyumba isiyo na majani juu, na kiwanja cha mawe, kisha watu wakakaa kumtazama kama atadumu. Alipoondoka walisema, Tulijua, hawa si watu wa kukaa. Tabaro naye alijua hivyo kwa habari ya wale wawili. Je, aliyemfunga ng'ombe mdomo aweza kumlaumu kwa kukonda? Mpeni mwalimu kipande cha ardhi chenye rutuba, si kile kilichowashinda. Msimwache ale peke yake siku ya sikukuu. Mtoto wake akifa, chimbeni kaburi ninyi, wala msimngojee amwajiri mtu. Wahenga walisema pia, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hizi mbili ni mikono miwili ya mtu mmoja. Jembe ni wajibu wa mgeni, na kupona ni faida ya mwenyeji. Mkono mmoja ukikatwa, mwingine hauchinji ng'ombe.

Neno la tatu twalisema kwa heshima mbele ya Baba Askofu na mapadre wetu, nao ndio waliotufundisha kusema kweli. Mti ukihamishwa kila masika hautoi matunda. Mwalimu aliyeanza kuzoea watu, aliyepata lugha, ambaye mihogo yake imekaribia kuliwa, akihamishwa bila sababu kubwa, hupoteza miaka miwili mahali alipotoka na miaka miwili mahali aendapo. Twajua kwamba Apolo naye alirudishwa Toro, kwa kuwa Kanisa lilimhitaji; utii ni sehemu ya kazi yetu. Lakini alikumbukwa kuwa mtu wa Mboga, akaachiwa kurudi. Basi twaomba kwamba mwalimu akihamishwa, kanisa alilolilea lipewe nafasi ya kumwaga, na yeye apewe nafasi ya kulitembelea, ili kamba isikatike.

Na la mwisho. Nchi ile ya Boga imeonja machungu katika siku zetu. Mwaka 2021 watu wenye silaha waliishambulia, wakaua watu wengi, na maelfu wakakimbia nyumba zao. Kanisa lililompokea mgeni likawa lenyewe mgeni, likilala katika kambi na katika nyumba za watu wasio ndugu zao. Tukimsifu Apolo leo na kuwasahau hao, sifa zetu ni maneno matupu. Sadaka ya Yubile hii inayo sehemu iliyotengwa kwa wageni na wakimbizi. Twawasihi mwitoe kwa moyo mweupe. Tena katika mitaa yetu wenyewe wako watu waliokuja kwa kukimbia vita au njaa, nao huketi nyuma katika kanisa, karibu na mlango, wala hakuna awaulizaye majina. Jumapili ijayo waulizeni majina. Jambo hilo halina gharama.

Mungu aliye Baba wa wote, ambaye mbele zake sisi sote ni wapitaji katika dunia hii, awape raha wale waliokuja kwetu wakalala katika udongo wetu. Awape nguvu wanaokwenda. Awape mioyo mipana wanaopokea. Na kila aendaye ugenini kwa ajili ya Jina lake akumbuke kuchukua jembe.

Tumesema. Bwana awe nanyi.